Risiva ya marehemu baba inavuma usiku: tuitibu transfoma kabla haijasukwa upya

mwana_wa_bandari, Tanga

Habari za jioni wanajukwaa.

Nina risiva (redio na amplifaya ndani ya kasha moja) ya Kijapani ya mwaka 1977, uso wa rangi ya fedha, kasha la mbao, sindano mbili za kutafutia stesheni. Marehemu baba alikuwa baharia, akairudisha safarini akiwa ameipakata kama mtoto. Mama anaitumia mpaka leo: taarifa ya habari asubuhi, kaswida siku ya Ijumaa. Kwa hiyo si mashine ya kuweka kabatini, na siyo ya kuuza.

Muziki wake ni safi kabisa. Kinacholia ni kasha lenyewe. Kuna "mmmm" nzito, na ndani ya hiyo mmmm kuna mkwaruzo kama nzi aliyefungiwa kwenye kibiriti. Nimechomoa spika zote mbili, sauti ipo palepale. Napandisha na kushusha volyumu, haibadiliki. Jambo moja limenishangaza: magharibi, taa na feni na pasi za mtaa mzima zikiwa zimewashwa, mvumo karibu unapotea. Kuanzia saa nne usiku unapanda, na ikifika saa sita mama anaisikia akiwa chumbani kwake.

Fundi wa mtaani amesema transfoma, kile kifaa cha koili kinachobadili voltu za umeme, imekufa, aichukue akaisuke upya. Sijakubali. Naomba wenye ujuzi mnisaidie kuelewa kwanza.

mpenda_santuri, Dodoma

Mkuu, badilisha kapasita kubwa za usambazaji, zinazohifadhi na kutuliza umeme wa ndani, zile mbili zinazofanana na makopo ya maziwa. Mashine ya miaka hiyo kapasita zimekauka. Yangu ilikuwa inavuma hivyohivyo, nikabadilisha, ikanyamaza.

fundi_mstaafu, Mombasa

Ndugu wa Dodoma, ushauri wako ni mzuri kwa ugonjwa mwingine. Kapasita zikikauka, mvumo hutokea kwenye spika. Yeye amechomoa spika na sauti ipo. Haya mawili yanachanganywa kila siku na watu wanatumia pesa pasipo sababu, kwa hiyo mwanangu umefanya vyema kuanza na hilo.

Pole kwa kufiwa na mzee. Mimi nimekaa na mashine hizi tangu 1974. Transfoma zilizoungua nimeziona nyingi, lakini iliyoungua haipoi magharibi ikaamka usiku. Iliyoungua inanuka, inakata fyuzi, au inakuunguza mkono hata kama hujapiga muziki. Yako inalalamika juu ya kitu kinachobadilika na saa, na ndani ya nyumba yako kinachobadilika na saa ni umeme wenyewe.

Nieleze kidogo, maana ukielewa hili hutababaishwa tena na fundi. Kiini cha transfoma ni vibati vyembamba vya chuma, kila kimoja unene wa karibu nusu milimita au chini ya hapo, vimepangwa kama kurasa za msahafu. Umeme wetu unageuka mara 50 kwa sekunde. Chuma hakijali mkondo unaelekea wapi, kinajinyoosha kwa usumaku kila unapofika kileleni, upande huu na upande ule, kwa hiyo kinatikisika mara 100 kwa sekunde. Joule alilipima jambo hili la chuma kubadili urefu ndani ya usumaku mwaka 1842. Kwa hiyo transfoma bubu kabisa haipo. Ukiweka sikio karibu na iliyo nzima utaisikia.

Sasa, kiini kimetengenezwa kubeba usumaku wa kiasi fulani. Voltu zikizidi zile kilichosukiwa, chuma hushiba. Kikishashiba, koili ya praimari, ile inayopokea umeme wa ukutani, inavuta mkondo kwa mipigo mikali kileleni mwa kila wimbi, na mvumo mlaini unageuka kuwa huo mkwaruzo wa nzi.

Nataka unipatie majibu matatu. Pima voltu kwenye soketi saa moja jioni, saa tano usiku, na ukiamka usiku wa manane. Tazama nyuma ya risiva, kuna kichaguzi cha voltu, kimeandikwa namba gani? Tatu, chukua mwiko mkavu mrefu wa ugali. Risiva ikiwa wazi na imewashwa, gusisha ncha ya mwiko kwenye transfoma na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Gusa kiini, gusa vifuniko vyake, gusa chesisi (fremu ya chuma ya risiva) pembeni yake. Mwiko utakuambia kinacholia ni kipi. Mkono wa pili uwe nyuma ya mgongo, na chini uvae kandambili za mpira. Kama unahisi woga, usifanye, mwite mtu aliyezoea.

dada_mwanafizikia, Morogoro

Shikamoo mzee. Naomba niongeze kisa changu hapohapo, kwa sababu kinafanana lakini chanzo chake ni tofauti.

Nina amplifaya ya Kiingereza ya miaka ya 80, transfoma yake ni ile ya mviringo, umbo la kata ya kuwekea ndoo kichwani. Ilikuwa kimya siku nzima, halafu ghafla inanguruma kwa dakika kumi, inanyamaza. Nilihangaika miezi. Siku moja niko mlangoni, nikasikia inaanza na saa hiyohiyo saluni ya jirani, ambayo iko kwenye laini moja na sisi, wamewasha mashine ya kukaushia nywele. Nikaenda nikawaomba waizime. Ikanyamaza. Waiwashe moto mkali: kimya. Moto mdogo: mngurumo.

Baadhi ya mashine hizo, kwenye moto mdogo, hupitisha mkondo kwenye daiodi moja, inayoruhusu mkondo upande mmoja tu, na kukata nusu ya wimbi. Wimbi la nyumba nzima linaegemea upande mmoja, yaani ndani ya umeme wa kugeuka kunakuwa na umeme wa moja kwa moja, hata voltu moja tu au pungufu. Koili ya praimari ya transfoma ya mviringo ina ukinzani mdogo sana, na kiini chake hakina nafasi ya hewa hata kidogo, kwa hiyo voltu moja hiyo inatosha kukishibisha upande mmoja. Transfoma za kawaida za vibati zinavumilia zaidi.

Dawa niliyowekewa: kapasita mbili kubwa za voltu 16 zilizounganishwa kinyumenyume kwenye waya wa laivu, na daiodi nne za ampea nyingi za kuzilinda. Umeme wa kugeuka unapita, wa moja kwa moja unazuiwa. Iko ndani ya boksi lake baada ya fyuzi. Alifanya fundi mwenye leseni, na sishauri mtu ajaribu mwenyewe, maana kila kitu ndani ya boksi hilo kina voltu 230.

fundi_mstaafu, Mombasa

Marahaba binti. Hiyo nimeipenda. Na kwa kuwa umeitaja ya mviringo, wote mnaosoma mjue hili: ile bolti moja inayopita katikati yake isiguse chesisi chini na kifuniko cha juu kwa pamoja. Ikigusa pande zote mbili, bolti na kasha vinakuwa mzunguko mmoja wa koili uliofungwa, na mkondo unaopita humo ni mkubwa kupita kiasi. Nimeletewa amplifaya ambayo mtu alikaza bolti ndefu kuliko ya kiwandani. Ilivuma kidogo tu, kisha moshi.

mwana_wa_bandari, Tanga

MREJESHO WA KWANZA.

Saa moja jioni: voltu 219. Saa tano usiku: 243. Saa nane usiku nimeamka makusudi: 248. Nimerudia siku mbili, tofauti haizidi voltu mbili.

Kichaguzi cha nyuma kimeandikwa 100, 120, 220, 240. Kimekaa kwenye 220. Vumbi lililokizunguka linaonyesha hakijaguswa tangu baba alipokiweka.

Mwiko: kiini kinavuma "mmmm" ya kawaida. Ule mkwaruzo unatoka sehemu mbili, kwenye kifuniko cha chuma cha transfoma upande wa kushoto, na kwenye kona moja ya vibati ambayo ina kutu. Nikikibonyeza kifuniko kwa ncha ya mwiko mkwaruzo unapungua nusu.

fundi_mstaafu, Mombasa

Basi kesi imeshajieleza. Ukigawa 248 kwa 220 unapata karibu asilimia 13 juu ya kilichosukiwa. Magharibi mtaa mzima unavuta umeme, voltu zinashuka mpaka 219, ndiyo raha yake. Usiku inabebeshwa mzigo usio wake. Sitamlaumu marehemu, pengine alipoifunga ndiyo voltu alizozikuta nyumbani. Ihamishe kwenye 240.

Utaratibu wake: chomoa plagi kwanza, siyo kuzima swichi tu. Subiri, kisha toa umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa kwa rezista ya omu mia kadhaa ya wati 5, huku ukipima kwa mita mpaka isome karibu na sifuri. Wale wanaogusisha bisibisi mpaka cheche iruke wanaharibu kapasita na siku moja wataharibu macho. Kichaguzi kisafishe kwa dawa ya kontakti, kizungushe mara kadhaa, maana meno yake yamelala mahali pamoja miaka arobaini na zaidi. Kisha kiache kwenye 240. Hakikisha mara mbili. Mtu akikosea akaacha kwenye 120, transfoma haitasamehe.

Kuwasha mara ya kwanza tumia taa ya mfululizo: balbu ya zamani ya uzi, wati 60 au 100, imeunganishwa kwenye waya mmoja wa umeme kabla ya risiva. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, uko salama. Ikibaki inawaka kama ya sebuleni, kuna shoti, zima.

kijana_wa_sola, Sumbawanga

Wakuu samahani, mimi huku hatuna TANESCO, natumia inveta ya sola. Redio yangu ya zamani inavuma mchana na usiku sawasawa. Kichaguzi kiko 240 tayari.

fundi_mstaafu, Mombasa

Inveta yako ni ya bei ndogo, siyo? Hizo hazitoi wimbi la mviringo, zinatoa wimbi la ngazi, linaruka juu, linakaa, linaruka chini. Kila ukingo wa ngazi unaligonga koili na vibati kama nyundo ndogo. Azima kwa mtu inveta ya wimbi safi kwa nusu saa tu ujaribu. Ikinyamaza, redio yako haina kosa. Ikibaki inavuma rudi hapa.

mtoto_wa_Ngamiani, Minnesota

Shikamoo mzee, na pole kwa mwenye uzi, mimi pia ni wa Tanga. Huku nina risiva kama hiyo lakini ni ya soko la Marekani, nyuma imeandikwa 120V 60Hz tu. Nataka kuisafirisha nyumbani na kununua transfoma ya kushushia voltu. Itafaa?

fundi_mstaafu, Mombasa

Marahaba. Hapo nenda polepole. Transfoma ya kushushia inabadili voltu, haibadili mizunguko (hiyo Hz, yaani umeme unageuka mara ngapi kwa sekunde). Kiini kilichotengenezwa kwa mizunguko 60 kikilishwa voltu zilezile kwa mizunguko 50, usumaku wake unapanda kwa asilimia 20. Hiyo ni zaidi ya alichokuwa nacho mwenzako wa Tanga saa nane usiku. Itavuma na itachemka.

Kibandiko kingesema 50/60Hz ningekuambia lete bila wasiwasi. Kwa 60 peke yake, kiini kitatulia ukikipa voltu 100 badala ya 120, kwa sababu 120 gawanya kwa 60 zidisha kwa 50 ni 100. Lakini voltu zote za ndani zitashuka kwa sehemu moja ya sita, na nguvu ya spika itapungua kwa karibu asilimia 30. Kwa sebule ya kawaida hutahisi sana. Kwa harusi utahisi.

mwana_wa_bandari, Tanga

MREJESHO WA PILI.

Nimehamisha kwenye 240. Taa ya mfululizo iliwaka sekunde moja ikafifia kama inavyotakiwa. Kabla sijahamisha nilipima voltu kwenye kapasita kubwa usiku: 45, na kapasita zenyewe zimeandikwa 50. Baada ya kuhamisha, usiku uleule: 41. Nimeogopa kidogo kuona zilikuwa zinaishi karibu na ukingo miaka yote hiyo.

Mvumo umeshuka zaidi ya nusu. Kutoka chumbani kwa mama hausikiki tena. Transfoma nayo imepoa. Zamani baada ya saa moja nilikuwa siwezi kuweka kiganja, sasa naweka na kuacha.

Mkwaruzo wa kona yenye kutu bado upo, mdogo. Nataka kuumaliza. Jamaa mmoja hapa ameniambia niweke raba za tyubu ya baiskeli chini ya transfoma. Ni sahihi?

fundi_mstaafu, Mombasa

Raba zinazuia chesisi isiimbe pamoja na transfoma, haziondoi mkwaruzo. Unaweza kuziweka, ila angalia kama skrubu za transfoma ndizo zinazounganisha mwili wake na chesisi. Ukizitenga kwa raba, weka waya wa kuunganisha mwili na chesisi. Mwili wa transfoma usiachwe ukielea bila ardhi.

Kwa vibati, kazi ni mbili. Kwanza bolti nne za kona: legeza zote kidogo, halafu kaza kwa msalaba, moja huku na ya pili upande wa kinyume, kidogo kidogo. Usikaze kwa hasira. Nimeona watu wanakaza mpaka vibati vinapinda na mvumo unazidi. Bolti zina mirija na washa za karatasi ngumu zinazozitenga na kiini, usizipoteze na usiziweke za chuma mahali pake.

Pili ni vanishi. Sisi wa pwani hewa ya bahari inakula kila kitu. Chumvi inaingia kati ya vibati, kutu inavipanua, vanishi ya kiwandani inapasuka na kudondoka, vibati vinabaki vinagongana. Nenda kwa wanaosuka mota, waambie unataka vanishi yao ya koili inayokauka kwa hewa. Usichukue ya milango.

Kona moja ikiwa ndiyo inalia huna haja ya kuzamisha transfoma nzima wala kukata nyaya. Piga kutu kwa brashi ya waya laini, ukielekea kando usije ukaingiza unga wa chuma kwenye koili. Futa. Pasha moto transfoma mpaka iwe ya kushikika kwa tabu, kwa kikaushia nywele au kwa kuiacha juani saa sita mchana, unyevu utoke. Kisha kwa brashi ndogo pitisha vanishi nyepesi kwenye kingo za vibati. Ukiwa na joto, chuma kitainywa yenyewe. Rudia mara tatu au nne mpaka kiache kunywa. Kifuniko kilichokuwa kinagonga kikaze kwa kupachika vipande vya karatasi ya kuhami umeme ya mota pale kinapogusa kiini.

Halafu iache. Siku mbili pwani, unyevu wetu unachelewesha. Usiwashe risiva vanishi ikiwa bado mbichi, mvuke wake unashika moto.

mpenda_santuri, Dodoma

Mzee nakushukuru, nilijibu haraka mwanzoni. Leo nimepima kwangu, 252 usiku, na mashine yangu ina chaguo moja tu la 220. Hapo nafanyaje?

dada_mwanafizikia, Morogoro

Kaka, kuna njia ya transfoma ya kupunguza. Unachukua transfoma ya 230 kwenda 24, sekondari yake, yaani koili inayotoa umeme, inawekwa mfululizo na umeme wa nyumbani kwa upande wa kupinga, hivyo inatoa zile 24 na zaidi kidogo kutoka kwenye voltu zako. Kwa 252 zako utabaki na karibu 226. Sekondari lazima ibebe mkondo wote wa mashine: kama fyuzi ya risiva ni ampea 2, tafuta ya ampea 2 au zaidi. Ukiunganisha upande usio wake itaongeza badala ya kupunguza, kwa hiyo inapimwa kwa mita na taa ya mfululizo kabla ya kuchomeka kitu chochote cha thamani. Tena, fundi mwenye leseni.

Na jambo jingine, 252 ni nyingi. Andika siku na saa, upeleke kwa watu wa umeme.

mwana_wa_bandari, Tanga

MREJESHO WA MWISHO.

Vanishi nimepata kwa wanaosuka mota, kikopo kidogo, hawakutaka hata pesa nilipowaeleza ni ya redio ya marehemu. Nimepaka mara nne. Mara ya kwanza ilizama kama maji mchangani, mara ya nne ikabaki juu. Nimeacha siku tatu kwa kuwa mvua ilinyesha. Kifuniko kimepata karatasi pembe zote nne.

Jana saa sita usiku, voltu 247. Nimezima feni, nimekaa hatua mbili kutoka kwenye risiva, sikusikia kitu. Nikarudi na mwiko: "mmmm" laini tu, mkwaruzo haupo. Asubuhi mama aliuliza kama nimeizima, nikamwambia imewaka usiku kucha.

Mzee wa Mombasa, Mungu akupe umri. Dada wa Morogoro asante, nimejifunza vya kutosha.

fundi_mstaafu, Mombasa

Alhamdulillahi. Limebaki jambo dogo. Chukua kalamu ya wino usiofutika, andika nyuma pembeni ya kichaguzi: 240, usirudishe 220. Atakayeirithi hatakuwa amesoma huu uzi.

mwana_wa_bandari, Tanga

Nimeandika sasa hivi, mzee. Na tarehe.